Zamani kilikuwa mgeni, sasa kimehamia: kisa cha fundi cherehani, kipandauso na dawa za nyumbani

Kuhusu kisa hiki

Mwanamke anayezungumziwa hapa nilimhudumia kwa miezi tisa hivi nikiwa muuguzi. Nitamwita Bi. M. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata. Jina lake, umri wake kamili, mahali anapoishi na kituo nilichokuwa nafanyia kazi nimeviondoa. Kazi yake ya ushonaji nimeiacha kwa ridhaa yake, maana bila sindano na futi ya kupimia kisa chenyewe hakieleweki.

Katika mambo ya kipandauso, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanye nini nyumbani kichwa kitulie? Majibu yapo. Lakini Bi. M aliyajua karibu yote kabla hajaonana nami, aliyatumia kwa bidii, na kichwa kikawa kinazidi badala ya kupungua. Nilitaka kujua kwa nini. Katika kutafuta nilifanya kosa lililomtesa siku nne, nalo nitalieleza mahali pake.

Historia yake

Kichwa kilimwanza akiwa msichana wa shule. Kilishika upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, kikipwita nyuma ya jicho sambamba na mapigo ya moyo. Mwanga ulimchoma, kelele zilimkera, na akipanda ngazi au kuinama kiliongezeka. Kichefuchefu kilifuata, na mara nyingine alitapika. Kikianza leo kiliweza kulala naye na kuamka naye kesho. Mama yake naye alikuwa hivyohivyo. Watoto wa nyumba ile waliuita "ugonjwa wa giza", kwa sababu mama alijifungia chumbani, pazia limeshushwa, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuburuta kiti.

Hii ndiyo sura ya kipandauso. Kisipotibiwa, hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Hutembea katika ukoo, na huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Kwa Bi. M, vichwa vikali zaidi vilimjia siku moja au mbili kabla ya hedhi, wakati homoni ya estrojeni inaposhuka ghafla mwilini. Kwa miaka mingi vilikuwa viwili au vitatu kwa mwezi, na alikuwa na njia zake: kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, chumba chenye giza, leso iliyofungwa kwa nguvu kuzunguka kichwa, chai ya tangawizi, mafuta ya mnanaa kwenye panja, kikombe cha kahawa nzito, na vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Akilala, aliamka amechoka lakini mzima.

Mwaka mmoja kabla hajaja, oda za sare ziliongezeka. Alikaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi usiku, chakula cha mchana akikila saa kumi au asikile kabisa. Vichwa vikawa viwili kwa wiki. Akaanza kumeza vidonge asubuhi kabla ya kuketi kazini, hata kama kichwa hakijaanza, "ili nikiwahi". Kahawa ikapanda kutoka kikombe kimoja hadi vinne.

Siku ya kwanza

Alikaa ameupa mgongo mwanga wa dirisha. Maneno yake ya kwanza niliyaandika kama yalivyo: "Sista, hiki kichwa zamani kilikuwa mgeni. Sasa kimehamia."

Kabla ya kuzungumzia tiba yoyote nilimuuliza yale ambayo kila mtu mwenye kichwa anapaswa kuulizwa. Je, kiliwahi kuja ghafla kama mlipuko, kikafika kileleni ndani ya dakika moja? Ana homa na shingo imekaza? Upande mmoja wa mwili umewahi kulegea, au ulimi kuwa mzito? Aliangukia kichwa? Ni mjamzito? Kichwa kinazidi akikohoa au akilala chali? Majibu yote yalikuwa hapana. Umri wake ulikuwa wa miaka thelathini na kitu, na hilo nalo lilinipa utulivu kidogo, kwa sababu kichwa kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 kinahitaji kuchunguzwa kwa namna nyingine. Presha ilikuwa ya kawaida.

Hata hivyo nilimpeleka kwa daktari. Kichwa kilichokuwa na tabia moja kwa miaka kumi na mitano kisha kikaibadili si cha kutibiwa kwa kubahatisha. Daktari alimpima mishipa ya fahamu, akatazama ndani ya macho, asione dalili ya kitu kingine. Akaandika kipandauso, na pembeni akaweka alama ya kuuliza: dawa kupita kiasi?

Alama ile ndiyo iliyonifanya nimwombe Bi. M atoe kwenye mkoba kila kitu anachomeza. Akaweka mezani paketi mbili. Ya kwanza aliiita "ya kichwa", ya pili "ya maumivu". Kwake zilikuwa dawa mbili tofauti, kwa hiyo siku mbaya alizichanganya. Tulisoma pamoja maandishi madogo ya nyuma, yeye akiwa amekodoa macho. Kidonge cha kichwa kilikuwa na vitu vitatu: aspirini miligramu 250, parasetamoli miligramu 250 na kafeini miligramu 65. Kile cha maumivu kilikuwa parasetamoli tupu, miligramu 500.

Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi yake ya vipimo vya nguo. Siku mbaya alimeza viwili viwili vya kila aina, mara tatu. Parasetamoli peke yake ilifika miligramu 4,500, wakati kikomo cha mtu mzima ni 4,000 kwa siku, na kuvuka hapo ni kuchezea ini. Aspirini ilikuwa 1,500, mara nyingi tumbo likiwa tupu, na kweli alikuwa na kiungulia alichokuwa amekizoea. Kafeini ya vidonge ilifika 390, kabla hatujagusa vile vikombe vinne vya kahawa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nakunywa kahawa ya vidonge."

Daftari, na namba iliyokatika

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa wa kutobadili chochote kwa wiki nne isipokuwa kuacha kuchanganya zile paketi mbili. Nilitaka kwanza tuone. Alinunua daftari la mistari, na kila usiku akaandika mambo matano: kichwa kimeanza saa ngapi, kimeisha saa ngapi, amemeza nini, amelala kiasi gani, amekula saa ngapi. Kulikuwa na safu ya sita isiyo na jina, ya chochote atakachotaka kuandika. Safu hiyo ilitufaa kuliko zote tano.

Mwisho wa wiki nne, siku zenye kichwa zilikuwa 22, na siku alizomeza dawa zilikuwa 19. Kwa vidonge vya mchanganyiko kama vyake, ukitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, unaingia kwenye hatari ya kichwa kinachotokana na dawa zenyewe. Kwa parasetamoli tupu au ibuprofeni tupu, kikomo hicho ni siku 15. Ubongo huzoea, na dawa inapopungua kwenye damu unadai tena, nao hudai kwa lugha moja tu, ya maumivu. Mgonjwa anameza, anatulia saa chache, kinarudi, anameza. Kwa macho yake dawa inamsaidia, na ni kweli inamsaidia, kwa saa hizo chache.

Kwenye safu isiyo na jina, mara tatu, alikuwa ameandika maneno mawili: "namba imekatika". Nikamuuliza maana yake. Akachukua futi ya kupimia kutoka shingoni, akainyoosha mezani, akaweka kidole kwenye 85. "Naangalia hapa, naona 8, ile 5 haipo. Si kwamba haionekani vizuri. Haipo. Halafu pale ilipokuwa 5 panaanza mshono wa zigizaga unaometameta, unapanuka, unasogea pembeni, unaisha. Uzi siwezi kutunga kwenye sindano mpaka uishe." Ulidumu karibu nusu saa, kisha kichwa kikaanza. Alidhani ni uchovu wa macho, na alikuwa ameshanunua miwani mbili.

Hiyo ni aura, hali ya neva inayotangulia kipandauso kwa baadhi ya watu, hudumu dakika 5 hadi 60, na sijawahi kusikia ikielezwa vizuri kuliko fundi yule alivyoieleza. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Unaona vimulimuli?" akajibu hapana. Alijibu kweli. Yeye hakuona vimulimuli, aliona mshono.

Neno hilo lilifungua swali jingine ambalo nilipaswa kuliuliza mapema: unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Alitumia vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni ikiwemo. Mwanamke mwenye kipandauso chenye aura yumo kwenye hatari iliyoongezeka kidogo ya kiharusi, na estrojeni huizidisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka vidonge hivyo katika kundi la nne kwa wanawake kama hao, yaani visitumike. Siku hiyohiyo alirudi kwa daktari, akabadilishiwa njia isiyo na estrojeni. Kama tungekuwa tunatafuta dawa ya nyumbani tu, jambo hili lingebaki limejificha nyuma ya miwani ya tatu.

Kuacha vidonge, na kosa langu

Daktari na mimi tulikubaliana aache vidonge vya mchanganyiko moja kwa moja. Kwa dawa za kawaida za maumivu, kuacha ghafla hukubalika, wakati dawa za kundi la afyuni au za usingizi lazima zipunguzwe taratibu chini ya uangalizi. Nilimweleza kwamba siku za mwanzo kichwa kitazidi, kwa kawaida kati ya siku 2 na 10, kisha kitaanza kulegea. Nikampa tarehe, Jumatatu.

Sikumwambia chochote kuhusu kahawa. Kwenye hesabu yetu ya siku ya kwanza tulikuwa tumeitaja kafeini kwa uchungu, na Bi. M ni mtu wa kufanya jambo mpaka mwisho. Jumatatu ileile aliacha vidonge na vikombe vyote vinne. Mwili uliokuwa umezoea kafeini kutoka milango miwili ulifungiwa yote kwa pamoja.

Kichwa cha kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na hukolea siku ya pili. Jumatano mume wake alinipigia simu: "Sista, mama watoto hajafungua macho tangu asubuhi. Hata maji yanarudi." Nikamwambia ampeleke hospitali mara moja. Kichwa kikali namna ile, chenye kutapika kusikokoma, hakiamuliwi kwenye simu. Alipimwa, akawekewa maji kwenye mshipa na kupewa dawa ya kuzuia kutapika, akarudi usiku.

Siku iliyofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala, kitambaa usoni. Nikagundua kichana kipo chini ya kitanda. Akaniambia hawezi kuchana nywele, ngozi ya kichwa inauma hata ikiguswa na mto. Nilimwomba radhi. Nilimweleza kwamba kosa lilikuwa la maelekezo yangu, na uvumilivu wake haukupungukiwa na kitu. Tukarudisha kahawa, vikombe viwili vidogo, asubuhi na mchana, kisha tukapunguza nusu kikombe kila baada ya siku chache hadi kikabaki kimoja cha asubuhi, saa ileile kila siku. Ndani ya siku mbili alikaa kitako. Siku ya tisa aliandika kwenye daftari, "Leo hakuna", akapigia mstari.

Dawa za nyumbani, upya

Baada ya hapo ndipo tulipozirudia zile njia zake za zamani, moja baada ya nyingine. Karibu zote zilibaki. Kilichobadilika ni saa ya kuzitumia.

Kitambaa cha baridi ndicho kilichotoa faida ya wazi kuliko vyote. Aliweka viwili vilivyoloweshwa kwenye friji ndani ya mfuko, akaviweka kimoja kwenye paji la uso na kingine kisogoni kuzunguka shingo, dakika 15 hadi 20, kisha akapumzisha ngozi. Akitumia barafu aliifunga kwenye taulo, kwa sababu barafu tupu huunguza ngozi. Baridi hubana mishipa ya damu na kuzipunguzia kasi neva zinazobeba maumivu. Inasaidia wengi, ingawa wapo wanaopata nafuu kwa joto, hasa kwenye shingo na mabega yaliyokaza, na sioni sababu ya kubishana na mtu juu ya hilo. Bi. M alitumia yote mawili: baridi kichwani, chupa ya maji ya moto mabegani.

Leso ya kufunga kichwa ilitufundisha jambo. Daftari lilionyesha kwamba akiifunga mapema ilimtuliza, akiifunga jioni kichwa kikiwa kimekomaa ilimuongezea. Ile ngozi inayouma ikiguswa ndiyo sababu. Kipandauso kikiachwa saa kadhaa, neva za ndani ya ubongo nazo huamka, na hata mguso wa kawaida huhisiwa kama maumivu. Hali hiyo ikishafika, dawa nyingi hufanya kazi kidogo. Tukaifanya alama: kichana kikiuma, leso haifungwi, na muda wa kuwahi umepita.

Tangawizi aliiweka kwa ajili ya kichefuchefu, na hapo inastahili sifa. Kwa kichwa chenyewe, utafiti uliochapishwa 2014 ulilinganisha unga wa tangawizi na sumatriptani, dawa mahususi ya kipandauso, kwa wagonjwa 100, na nafuu baada ya saa mbili ilikaribiana. Ni utafiti mmoja mdogo, nisingemwambia mtu atupe dawa zake kwa ajili yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kuzoea tangawizi nyingi. Mafuta ya mnanaa aliyachanganya na mafuta ya kawaida, tone moja kwenye kila panja, mbali na macho, na kamwe si usoni mwa mtoto mdogo.

Maji yalihitaji kusahihishwa. Alikuwa akinywa lita nzima kwa pupa kichwa kikishaanza, kisha akayatapika. Kipandauso hupunguza mwendo wa tumbo, na kinachoingia hukaa palepale. Ndiyo maana hata kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa hukaa tumboni bila kufika kwenye damu. Tukagawa: kunywa siku nzima akiwa mzima, na kichwa kikianza, funda mojamoja.

Daktari hakumrudishia aspirini kwa sababu ya tumbo lake. Alimpangia parasetamoli miligramu 1,000 pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, vimezwe ndani ya saa ya kwanza ya maumivu, na visizidi siku 2 kwa wiki. Vitambaa viwili, kidonge, chupa ya maji, tangawizi na kitambaa cheusi cha kuziba macho, kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Kifuko alikishona mwenyewe kwa mabaki ya sare.

Kuzuia

Sehemu hii ilikuwa ya polepole, na sina mengi ya kushangaza. Chakula cha mchana saa saba, oda iwepo isiwepo. Kulala na kuamka saa zilezile. Kila saa moja ainuke, azungushe mabega. Taa ya cherehani iligeuzwa isimulike usoni.

Jambo moja lilimshangaza: vichwa vya siku ya mapumziko. Daftari lilionyesha kwamba siku aliyolala hadi saa tatu asubuhi ndiyo siku kichwa kilipomwamsha. Usingizi ulizidi, kahawa ilichelewa kwa saa tatu, na mwili ulikuwa umeshuka ghafla kutoka kwenye shinikizo la wiki. Aliamua kuamka saa yake ya kawaida, anywe kikombe chake, kisha alale tena mchana akitaka.

Jingine ni vitu vitamu. Alikuwa amejikataza kabisa, kwa imani kwamba akila kitu kitamu kesho yake kichwa lazima kije. Tukafuatilia. Siku hizo hizo alikuwa ameandika pia miayo, shingo nzito na hasira za bure, tena kabla hajala chochote. Hizo ni dalili za awali, zinazoweza kutangulia kipandauso kwa siku moja au mbili, na hamu ya utamu ni mojawapo. Kichwa kilikuwa tayari njiani. Kwake, utamu ulikuwa taarifa, nao ukawa kengele ya kumkumbusha kula vizuri na kulala mapema.

Daktari alimpa pia magnesi na vitamini B2, miligramu 400 kwa siku kila kimoja, vyenye ushahidi wa kiasi katika kuzuia kipandauso na vinavyohitaji miezi mitatu hivi kuonyesha matokeo. Magnesi ilimharisha, akaiacha wiki ya tatu. Vitamini aliendelea nayo. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku za kichwa zisiposhuka chini ya 8 kwa mwezi, angeanza dawa ya kila siku ya kuzuia.

Matokeo

Mwezi wa kwanza, ule wa mateso, ulikuwa na siku 17 za kichwa. Mwezi wa tatu zilikuwa 8, na hapo daktari alimwachia achague; akaomba mwezi mmoja zaidi. Mwezi wa sita zilikuwa 5, dawa akimeza siku 4. Aura haikuisha, ilimjia mara moja moja.

Mwezi wa saba oda za sare zilirudi na siku zikapanda hadi 11. Alinipigia mwenyewe kabla sijajua. Alikuwa ameruka vyakula vya mchana wiki mbili na kumeza dawa siku 7. "Nimehesabu, sista. Nimeona naelekea kulekule." Alipunguza oda mbili, akarudi kwenye utaratibu. Mwezi uliofuata zilikuwa 6.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Nikipima kwa uaminifu, siwezi kusema kitambaa cha baridi kilifanya kiasi gani na kuacha vidonge kiasi gani. Vilibadilishwa karibu kwa wakati mmoja. Ninachoamini ni kwamba kuacha vidonge vya mchanganyiko ndiko kulikobeba uzito mkubwa, kwa sababu siku za kichwa zilianza kushuka wiki ileile ya pili, kabla kula kwa wakati na kulala kwa wakati havijawa mazoea. Dawa za nyumbani zilimpa kitu cha kufanya katika nafasi ya kidonge, na hilo si dogo kwa mtu mwenye maumivu. Kumwambia mgonjwa aache bila kumpa cha kushika ni kumwacha peke yake.

Kuwahi kulifaa. Njia zilezile, mikono ileile, zilizokuwa zikishindwa saa kumi jioni zilimsaidia saa nne asubuhi.

Kilichoshindikana kiko upande wetu zaidi kuliko wake. Sikuuliza uzazi wa mpango siku ya kwanza. Niliuliza aura kwa maneno yangu badala ya kumwacha anieleze anavyoona. Na ile Jumatatu ya kuacha vyote iliwezekana kwa sababu nilidhani nimeeleweka. Siku hizi namwomba mgonjwa anirudishie mpango kwa kinywa chake, aseme ataacha nini, atabakiza nini, tangu lini. Inachukua dakika mbili. Zaidi ya yote, kwa mwaka mzima watu wengi walimwona akimeza vidonge kila asubuhi, pamoja na waliomuuzia, na hakuna aliyemuuliza ni mara ngapi kwa wiki. Swali hilo sasa namuuliza kila mtu anayekuja na kichwa, kabla sijamuuliza kinamuuma wapi.

Nilipoonana naye mara ya mwisho aliniletea daftari la pili. Ukurasa wa juu ulikuwa wa Jumatano ya wiki hiyo: "Saa 4 asubuhi namba imekatika. Nimezima cherehani. Kitambaa, giza, dawa moja. Nimelala. Saa 8 nimeamka, nimekula, nimemalizia kola."